Bado Yumo Mazoezini

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeambiwa niseme hivyo mwanzoni kabisa, na mimi ni mtu wa kutii nikiambiwa kwa upole na kijana aliyevaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Basi haipo. Haina ziwa katikati, ziwa hilo halina maji ya kijani mazito kama mlenda, na mjukuu wangu Mize hakuwahi kulala chini yake. Tukishaelewana hapo, sogeeni karibu, maana nasimulia polepole na sipendi kurudia.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, Mtukufu Kiongozi alikwenda siku moja kumtembelea jirani yake wa mashariki. Walikuwa wamekaa juu ya gati wanakunywa chai, kijiko cha Mtukufu kikamponyoka, kikatumbukia majini. Jirani akapiga kofi moja tu. Akatokea mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni na mapezi ya mpira miguuni, akaingia majini, akakaa huko kwa raha zake, akarudi na kijiko. Akakifuta kwanza kabla ya kukirudisha. Kule kukifuta ndiko kulikomuuma Mtukufu. Alirudi nyumbani chakula hakipiti, na Jumatatu redio ikatangaza kwamba nchi yetu itakuwa na wazamiaji wengi kuliko wa jirani, wenye ngazi za juu kuliko wa jirani, na wenye vyeti vipana kuliko vya jirani. Wa kufanya kazi gani, hakuna aliyeuliza. Sisi wengine vijiko vyetu tulikuwa tunavishika vizuri.

Ikaundwa Wizara ya Kina cha Maji, akapewa Mheshimiwa Lukindo Shebuge. Kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Maji ya Bomba, na alipoondoka huko hakuacha hata tone, kwa hiyo ilionekana kwamba yeye ndiye anayejua maji yalikokwenda.

Hapa nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyompata mwalimu mmoja wa kuzamia, Faraji Mdoe. Kwetu mgeni rasmi hakati utepe. Kukata utepe tunauona uvivu. Mgeni rasmi hufungua kitu kwa kukitumia yeye wa kwanza, mbele ya watu, bendi ikipiga. Mheshimiwa Shebuge alifungua kliniki yetu ya watoto kwa kuning'inizwa kwenye mzani, ndani ya kile kikaptula chenye matundu mawili. Kamba ilishika, mtoto mwenye kikaptula chake ndiye aliyelia. Alifungua saluni ya akina mama, akasukwa twende kilioni iliyokaza mpaka nyusi zikapanda. Alifungua chumba cha meno cha hospitali ya wilaya kwa kung'olewa jino, jino zima lisilo na kasoro, na alitabasamu hadi mwisho, ila tabasamu lilibadilika rangi.

Na medali ni vivyo hivyo. Medali kwetu haitumwi kwa mtu, wala ndugu hawaipokei kwa niaba. Mtoaji humfuata mpewaji hapo hapo alipo, akamvisha shingoni kwa mikono yake. Mchimba visima mmoja alitunukiwa akiwa bado kisimani, na mgeni rasmi aliteremshwa kwa kamba ameketi ndani ya ndoo, na suti yake na tai yake. Hakuna aliyecheka. Ndiyo heshima yenyewe.

*

Shule za kuzamia zikazuka kama maduka ya vocha, na kila shule ikawa na vyeti vyake na viwango vyake.

Ya zamani kuliko zote ilikuwa ya Mwalimu Gaudensia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, asiyejua kuchekeana na mwanafunzi. Alikuwa na bwawa la saruji nyuma ya nyumba, na benchi moja la kukalia wanaotetemeka. Kwake ulianza kwa kuogelea tu, majuma mazima, mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana kama ya kwangu. Kisha unapiga magoti penye maji ya kifuani ukapumulia mtungi. Kisha unavua miwani ya maji ukiwa chini na kuivaa tena. Kisha unagawana hewa na mwenzako, pumzi yako, pumzi yake. Kisha ndipo unafika somo la mkanda. Mkanda wa mzamiaji una mapande mazito ya madini ya risasi ya kumvuta chini, maana mwili wenyewe hupenda kuelea, na una bizimu moja ya kuufungua pindi mambo yakiharibika. Nusu ya wanafunzi wa Gaudensia walifeli. Aliyefeli aliambiwa neno moja, njoo kesho.

Ya pili ilikuwa Taasisi ya Kimataifa ya Upeo wa Kina, ya Kepteni Faraji Mdoe. Ukepteni aliupata kwenye timu ya mpira ya shule ya msingi, akaona haya kuuacha. Yeye alifundishia ukumbini, juu ya zulia. Wanafunzi walilala kifudifudi mezani wakapiga mikono kwa mpangilio, na mtungi ulikuwa wa mbao uliopakwa rangi ya fedha. Palikuwa na mtihani wa kutumbukiza uso kwenye beseni, lakini mzazi mmoja akalalamika kwamba beseni lina kina, ukaondolewa. Wote walifaulu, tena walifaulu siku ile ile, na waliondoka na chai ya maziwa.

Ya tatu ilikuwa ya Chama cha Wazamiaji wa Nchi Kavu, waliogawa vyeti harusini pamoja na pilau. Hao tuwaache. Angalau hawakudanganya kwenye jina.

Watu wakawa wanabishana vibarazani cheti cha nani ni bora, mpaka Mheshimiwa Shebuge akaunda Tume ya Kulinganisha Viwango. Vikao vilikuwa vya wazi, nami nilihudhuria na ukili wangu wa kusuka mkeka, kwa sababu Mize alikuwa anasoma kwa Gaudensia. Tume ilifanya kazi kwa bidii. Ilivipima vyeti kwenye mzani wa bucha, cha Faraji kikawa kizito zaidi, kwa ajili ya fremu. Ilihesabu mihuri. Iliwaita wahitimu waseme wenyewe walivyohudumiwa. Wa Gaudensia walikiri kwamba walikohoa, waliogopa, na mmoja alisema alilia ndani ya miwani. Wa Faraji waliisifu chai.

Kisha Waziri akasoma uamuzi. Ninaukumbuka kwa sababu aliusoma taratibu, akilamba kidole kila ukurasa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mwalimu anayefelisha nusu ya darasa ni sawa na mpishi anayeunguza nusu ya wali. Na mwalimu ambaye wote wanafaulu, huyo wali wake umeiva. Tume imeonja. Tume imeshiba."

Gaudensia akasimama akasema kwamba maji hayajui kusoma, Mheshimiwa. Waziri akamjibu kwamba hilo ni suala la elimu ya watu wazima, alipeleke wizara inayohusika.

Shule ya Gaudensia ikafungwa Ijumaa. Mitungi yake na mikanda yake ikatiwa lakiri kwenye stoo ya wizara, na yeye akakatazwa kuingia ziwani hata kunawa miguu. Wiki ileile ikapitishwa Sheria ya Heshima ya Cheti. Sheria hiyo ilisema mwenye cheti cha kuzamia hawezi kufa maji, na atakayesema amekufa maji, au kwamba cheti ni cha uongo, ameutukana muhuri wa serikali. Faraji, kwa furaha, akamtunuku Waziri ngazi ya saba, na yeye mwenyewe akajitunuku ya tisa, ambayo kwa maelezo ya cheti ilimruhusu kwenda kina chochote duniani, pamoja na vile ambavyo havijagunduliwa.

*

Mize nilimlea mimi. Mama yake alituacha mtoto angali mchanga, nikamkuza kwa uji wa mtama na kelele. Alikuwa msichana wa kuuliza. Akipewa kitumbua alitaka kujua kwa nini kimevimba upande mmoja.

Kwa Gaudensia alifeli na kufeli tena. Alirudi na macho mekundu akaniambia leo miwani imemshinda lakini kesho ataiweza, na kesho yake kweli aliiweza. Somo la mkanda lilikuwa Jumatatu. Shule ikafungwa Ijumaa, kama nilivyosema.

Akalazimika kuhamia kwa Faraji, maana bila cheti cha Faraji kazi ya uzamiaji ingempita. Akaenda asubuhi, akarudi mchana na fremu kubwa kwapani. Hakuifungua. Aliketi jikoni akanitazama ninavyochambua mchele.

"Bibi," akasema, "leo nimefaulu, na sijalowa."

Nilimwambia ashukuru. Ndivyo sisi watu wazima tunavyosema tukiwa hatujui la kusema.

Sikukuu ya taifa ilipofika, serikali ikataka bendera isimikwe chini ya ziwa, jirani aone. Wakatafutwa wahitimu. Wengi walipatwa na homa asubuhi ile. Mize hakuugua. Akavishwa mtungi wa kweli, ule wa Gaudensia, umetolewa stoo kwa kibali maalumu, na Faraji mwenyewe akamfunga mkanda kiunoni kwa mbwembwe, wapiga picha wakimwelekeza asimame wapi. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kumnyooshea Mize ukosi. Nikamsikia anauliza, kwa sauti ya chini ili asimwaibishe mwalimu wake, huu mkanda unafunguliwaje.

Faraji akacheka, akamgeukia mwenye kamera, akajibu, "Bingwa hafikirii kupanda kabla hajashuka."

Watu wakapiga makofi. Mize akashuka na bendera. Mapovu yakapanda, mengi, kisha machache. Kisha ziwa likanyamaza. Bendi ilikuwa imeamriwa kupiga mpaka atoke, ikapiga mpaka wapuliza tarumbeta midomo ikavimba. Faraji akaueleza umati kwamba msichana ni hodari mno, amenogewa. Wageni wakala, wakanawa, wakaondoka. Wafanyakazi wakakunja turubai. Mimi nilibaki nimeshika viatu vyake.

*

Nilikwenda wizarani kuomba atolewe nimzike. Afisa wa kwanza akaniuliza kama marehemu alikuwa na cheti. Nikasema anacho. Akafurahi, akasema basi si marehemu. Afisa wa pili akanieleza kwa upole kwamba mwenye cheti hafi maji, na kwamba kwenye kumbukumbu za serikali Mize bado yumo mazoezini.

Niliuliza mazoezi hayo yataisha lini. Akasema serikali haiingilii mazoezi ya mtu.

Nikaenda kwa msimamizi wa makaburi. Akasema anasikitika, ila mtu aliye mazoezini hachimbiwi kaburi. Nikaenda kwa Faraji mwenyewe. Alinikaribisha chai. Alisema niwe na subira, niwe na fahari, kisha akaniomba nisimame naye tupigwe picha.

Nikawa nakwenda wizarani kila juma. Nilikaa kwenye benchi la baraza nikisuka ukili, mpaka wakanizoea kama ndoo ya zimamoto. Na mtu akishazoeleka, watu huongea mbele yake. Siku moja karani mmoja, Bi Hadiya, aliponiletea maji ya kunywa, nikamuuliza hivi hiyo sheria haina mlango wa uani. Akatazama kushoto na kulia. Akaniambia kwamba mlango uko mmoja. Cheti kinaweza kutenguliwa na aliyekitia sahihi, yeye peke yake, kwa kinywa chake, hadharani, mbele ya Waziri. Aseme hakumfundisha. Hapo Mize atakuwa hana cheti, na asiye na cheti anaruhusiwa kufa.

"Lakini yule hasemi, Bi Siwatu," akamaliza. "Labda akabwe."

Nikamshukuru kwa maji. Nikarudi nyumbani, nikamaliza mkeka mzima nikifikiri. Watu husema mimi ni mpole. Ni kweli, sijawahi kumpandishia mtu sauti. Ila nguo nikiiloweka, huiacha ilowane hasa.

*

Juma lililofuata nikaomba kumwona Waziri. Nilivaa kanga mpya na nikachukua vitumbua. Nilimwambia sikuja kulalamika, nimekuja kuomba radhi kwa usumbufu. Nimeelimika. Nimekubali kwamba Mize yumo mazoezini. Ila kuna jambo moja linanisumbua, kwamba mtoto kakaa chini ya maji muda wote huo, hakuna binadamu aliyewahi kukaa hivyo, hata kwa jirani wa mashariki hakuna, na taifa halijampa hata asante.

Waziri akaacha kutafuna.

"Kwa jirani hakuna?" akauliza.

"Wa kwao alitoka na kijiko muda ule ule, Mheshimiwa. Hakuweza hata kuvumilia."

Niliona lile wazo linamwingia polepole, kama mafuta kwenye karatasi ya maandazi. Kabla sijafika nyumbani redio ilikuwa imeshatangaza. Mize binti yetu ameshikilia rekodi ya dunia ya kukaa chini ya maji, na atavishwa Medali ya Kina, ya daraja la kwanza, mbele ya Mtukufu Kiongozi na balozi wa jirani.

Siku mbili tatu zikapita wakiwa kwenye pilikapilika za kushona vitambaa vya sherehe, ndipo mtu wa itifaki akakumbuka desturi. Medali haitumwi, na mpewaji yuko chini ya ziwa.

Nilisikia kwa Bi Hadiya kwamba Waziri alikaa ofisini mlango umefungwa. Kusema hawezi kwenda ni kusema ngazi ya saba ni uongo, na kusema hivyo ni kosa chini ya sheria aliyoitia sahihi mwenyewe. Kuahirisha haiwezekani, balozi ameshajibu kwamba anakuja na mkewe. Mwisho akapata ufumbuzi wa kiungwana. Alitangaza kwamba, kwa kuheshimu viwango, anampisha mwenye ngazi ya juu zaidi.

Huyo alikuwa wa tisa, na wa tisa nchini alikuwa mmoja.

*

Faraji alikuja kwangu jioni, jua halijazama. Hakutaka chai. Alisema, Bibi, hii shughuli umeianzisha wewe, wewe ndiye unayeweza kuizuia. Sema familia haitaki makuu. Nikamwambia mimi ni bibi wa kijijini tu, nitamzuiaje Mtukufu. Akasema ana mke. Nikamwambia namfahamu, mtu mwema sana, ampelekee salamu.

Alipofika mlangoni akageuka. "Unajua kabisa siwezi."

"Cheti kinasema unaweza, mwanangu," nikamjibu. "Mimi nimeishia darasa la saba. Nitakibishia vipi?"

Siku yenyewe ilikuwa na jua zuri. Vifaa vya kweli vilikuwa vya Gaudensia peke yake, na aliyejua kuvifunga ni yeye peke yake, kwa hiyo wizara ilimwita kwa ulinzi amvishe Faraji na asimame pembeni kimya. Alimvisha kila kitu sawasawa. Mtungi ulikuwa umejaa, nilimwona akiupima. Mtu asije akasema tuliiba hewa. Alimfunga na mkanda. Redio ya taifa ikambandika Faraji kipaza sauti kidogo kwenye ukosi, nchi nzima imsikie akikutana na shujaa.

Mimi nilikaa mstari wa mbele, familia ya mtunukiwa, na ukili wangu mapajani. Nilikuwa nimebakiza kipande kidogo.

Bendi ikaanza. Faraji akashuka ngazi za mawe na medali mkononi. Maji ya magoti, akapunga mkono. Maji ya kiuno, akaacha kupunga. Ziwa lile pembeni lina tope lenye utelezi, na mkanda ulishaanza kumvuta. Maji yalipofika kifuani akasimama, akageuka, akamtafuta Gaudensia kwa macho. Kipaza sauti kikaichukua sauti yake, nyembamba, kikaipeleka mikoa yote.

"Huu mkanda unafunguliwaje?"

Gaudensia alikuwa ameamriwa anyamaze. Alinitazama mimi.

Nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia, "Kepteni, bingwa hafikirii kupanda kabla hajashuka."

Umati ukapiga makofi. Mtukufu Kiongozi alilipenda sana neno lile, akamwagiza katibu aliandike. Na Faraji akanitazama, nikajua kwamba amekumbuka alilisema wapi, na kwa nani.

Mguu ukateleza. Maji yakamfika shingoni, kisha kidevuni. Midomo haikuwa kwenye mpira wa hewa, aliuachia alipouliza lile swali, na hakujua aurudishe vipi. Mapovu ya mtungi yakawa yanatoka bure pembeni yake. Akasema kitu, bendi ikakimeza. Nikainua mkono. Kwetu mzee akiinua mkono bendi hunyamaza, hata mbele ya Mtukufu.

"Sikusikia, Kepteni," nikasema. "Umri huu."

"Sijui kuzamia," akasema. "Nitoeni."

"Na Mize ulimfundisha?"

"Sikumfundisha."

"Na cheti chake?"

Akameza maji, akakohoa. Waziri alisimama, akaketi, akasimama tena. Balozi alikuwa ameinama mbele kama mtu anayesikiliza mpira.

"Nakitengua. Hakikuwa kitu."

"Sasa Mize yuko wapi?"

Alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, pua tu na mdomo juu. Nadhani hapo hakuwa ananijibu mimi tena.

"Amekufa, Bibi. Alikufa siku ile ile. Niliona mapovu yakiisha."

Basi. Lilikuwa limesemwa, kwa kinywa chake, hadharani, mbele ya Waziri. Gaudensia alikuwa ameshavua viatu, ananingoja. Mimi nikautazama ukili wangu. Kilibaki kipande kama cha kidole. Nikakisuka mpaka mwisho, nikakifunga fundo, nikalivuta nione kama limekaza. Pua ya Faraji ilipotea, ikarudi, ikapotea. Ndipo nikamwashiria Gaudensia kwa kichwa.

Alijirusha na nguo zake. Mkono wake uliingia kiunoni mwa Faraji mara moja tu, bizimu ikafunguka, mkanda ukaenda zake chini, na Faraji akaibuka juu kama kibuyu. Kumbe ni jambo dogo hivyo. Ni kuvuta tu.

*

Mize alitolewa mchana ule ule. Gaudensia alikwenda peke yake na hakuharakishwa na mtu. Alipopanda naye, bendera ilikuwa bado imezungushwa mkononi mwa mtoto. Afisa mmoja akasogea kuichukua, kwa kuwa ni mali ya serikali. Nikamtazama. Akairudia nafasi yake. Alivyokuwa Mize sitawaeleza. Napenda kueleza vitu, lakini hicho ni changu. Nilimzika kwa heshima zake zote, penye kivuli, na msimamizi wa makaburi alishika jembe mwenyewe.

Serikali haikutikisika hata kidogo. Mheshimiwa Shebuge alitangaza jioni ile kwamba wizara ilikuwa na mashaka tangu mwanzo. Tume ya Kulinganisha Viwango iliitwa tena, wajumbe wale wale, ikagundua kwamba mwalimu anayefelisha nusu ya darasa ndiye anayechuja, na anayepitisha wote ana chujio lililotoboka. Tume ilionja tena, ikashiba tena. Shule ya Gaudensia ikafunguliwa, na kwa desturi ilibidi Waziri aifungue kwa kuitumia. Aliingia bwawani akitabasamu. Gaudensia akamfelisha, akamwambia njoo kesho. Sasa ni Waziri wa Vumbi, na linamfaa.

Faraji alishtakiwa. Jaji, baada ya kupekua sheria na kukuta kwamba hakuna kosa la kufundisha uongo ila la kuutaja, akaamua kitu cha busara. Faraji asome upya, kikweli, kwa Mwalimu Gaudensia, alale hapo hapo shuleni, na asirudi kwake mpaka afaulu. Na kwenye kila mtihani awepo mtahini mmoja kutoka familia ya marehemu, ambaye bila yeye kuridhika hakuna kufaulu.

Familia ya marehemu ni mimi.

Nakwenda kila siku ya mtihani. Wameniwekea mto kwenye lile benchi. Nampa haki yake, hewa imejaa, vifaa vizima, hakuna anayemwonea. Na niseme kweli, amekuwa hodari. Miwani anaivua na kuivaa kama mtu anayefikicha macho. Hewa anagawana na mwenzake bila pupa. Mkanda anaufungua kwa mkono wowote, na macho amefumba. Mapovu yake yanapanda sawasawa, nayahesabu kwa macho mpaka la mwisho, kisha naagiza arudie.

Juzi Gaudensia alikuja kuketi karibu yangu, nguo zinamchuruzika. Akasema, "Bi Siwatu, huyu sasa anajua. Kwa viwango vyangu alishafaulu zamani."

Nikamwambia viwango vyake ni vizuri sana, nchi nzima inavikubali. Lakini shule si moja, na kila shule ina vyake.

Jana mkewe alikuja getini na chakula kwenye hotpoti. Mtu mwema, nilishasema. Aliniamkia, akaniuliza afya, akazungukazunguka maneno, mwisho akaniuliza mumewe atarudi lini nyumbani. Nikampisha kwenye benchi. Nikampangusia mahali pa kukaa. Nikamshika mkono, maana najua mwenyewe kungoja kulivyo.

"Kuwa na subira, mwanangu," nikamwambia. "Bado yumo mazoezini."